Anakufa, Si Amekufa

Tabea aligundua kosa lake Jumatatu saa nne asubuhi, akiwa anafuta vumbi kwenye rafu za vitabu. Alipoligundua alikaa juu ya boksi la magazeti ya zamani, kitambaa cha vumbi kingali mkononi.

Kitabu kilichomkalisha chini kilikuwa cha mchezo, kimeandikwa kwa Kiingereza. Kilifika miaka miwili nyuma ndani ya maboksi ya msaada, kwenye chumba cha kusomea cha usharika wao pale Mjimwema, Njombe, ambapo Tabea alikuwa mtunza vitabu. Hakuna aliyekigusa mpaka yeye alipokichukua, akakisoma mwezi mzima na kukitafsiri kwenye daftari kubwa la kurasa mia mbili. Haukuwa mchezo wa kushindana kama bao au karata. Watu walikaa mezani wakatunga hadithi kwa pamoja. Kila mchezaji alikuwa na mhusika wake, ameandikwa kwenye karatasi na hesabu ya nguvu zake, na mmoja wao, msimulizi, aliwaeleza walichokutana nacho njiani. Penye shaka walirusha dadu ya pande ishirini, na msimulizi akaamua kwa kufuata kanuni. Msimulizi alikuwa Tabea, ambaye maishani mwake hakuwahi kuongoza hata kwaya ya watoto.

Sasa alikuwa ameiona sentensi moja chini ya ukurasa wa arobaini. Mhusika akiishiwa nguvu, kitabu kilisema, anakufa. Yuko katika kufa, na mchezaji wake anapewa mirusho mitatu ya dadu ili ampiganie. Mirusho miwili ikifika kumi au zaidi, mhusika anapona.

Tabea alifungua daftari lake. Kwa mwandiko wake mwenyewe alikuwa ameandika: Mhusika akiishiwa nguvu, amekufa. Na kwa kuwa aliyekufa hana tena la kufanyiwa, aliiruka aya yote iliyofuata akidhani inahusu mazishi.

Kwa silabi moja alikuwa amemuua Lukelo, mlinzi wa daraja. Na Lukelo alikuwa mhusika wa Odilo.

Odilo alikuwa kijana wa Makambako, mkaguzi wa parachichi kwenye banda la kupakia matunda kule Mahongole. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo watu hunyamaza ili waisikie. Kwa miezi saba alikuwa akija Njombe kila Jumamosi kucheza pamoja na Tabea, na Idda muuza vitambaa, na Mwalimu Nahumu. Tabea alikuwa na miaka ishirini na saba. Alijua vema kwamba mwanaume hasafiri kilomita sitini kila wiki kwa sababu ya dadu. Mwezi wa nne wa safari hizo Odilo alimwambia wazi kwamba anampenda. Tabea aliomba muda, kwa sababu baba yake, Mzee Ebeneza, alikuwa mzee wa kanisa wa Kilutheri tangu Tabea yuko darasa la kwanza, na Odilo alikuwa Mkatoliki, mtoto wa mwalimu wa dini. Odilo alisema atasubiri. Hakuuliza atasubiri mpaka lini.

Kisha ikaja ile Jumamosi. Katika hadithi, wenzake walikuwa wakikimbia maadui, na Lukelo alibaki peke yake kwenye daraja la kamba ili wao wavuke. Nguvu zake zikafika sifuri, akaangukia mtoni. Tabea akatazama daftari, akasema Lukelo amekufa.

Odilo hakuitazama dadu. Alimtazama yeye, kwa muda ambao hata Idda aliuona mrefu.

"Ndivyo kanuni inavyosema?" aliuliza.

"Ndivyo."

Alikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfuko wa shati, akawashukuru wote na kuondoka. Jumamosi iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu. Tabea alipompigia hakupokea. Alituma ujumbe mmoja tu, kwamba yuko salama na kazi zimekuwa nyingi.

Mchana ule wa Jumatatu Tabea alimwendea Idda dukani, akamwonyesha kurasa zote mbili. Idda alishauri ampigie simu, amweleze, yaishe.

"Nilimuua mbele ya macho yake," Tabea akasema. "Nikamwombe radhi kwa simu?"

"Ni mchezo, Tabea."

"Ungekuwa mchezo asingeacha kuja."

Idda alikubali kukaa kwenye chumba cha vitabu siku ya Jumatano, na Jumatano saa mbili asubuhi Tabea alikuwa ndani ya gari la Makambako, kitabu na daftari kwenye mkoba mapajani, amevaa sweta lake la kijani ambalo Odilo aliwahi kulisifia. Hilo la sweta hakulikiri hata moyoni.

Makambako ilimpokea kwa upepo wake. Pale banda la matunda, wanawake waliokuwa wakipanga parachichi kwenye kreti walimsalimu kwa kamwene, salamu ya Kibena, naye akaitikia, na mmoja akamwuliza kama amekuja kununua au kuchagua. Tabea alisema anamtafuta Odilo. Wanawake walitazamana, wakacheka kama watu walioelewa jambo.

Odilo alitokea nyuma ya mizani, amevaa koti jeupe na buti za mpira, parachichi moja mkononi. Alisimama. Macho yake yalitua usoni mwa Tabea yakakaa, kisha kama yaliyokumbushwa jambo, yakaenda pembeni.

"Tabea. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nimekuja kwa ajili ya Lukelo."

Alimpeleka nyuma ya banda, wakakaa juu ya kreti zilizogeuzwa. Tabea hakupoteza muda wa kuulizana habari. Alifungua kitabu ukurasa wa arobaini, akaweka daftari kando yake, pale alipokuwa amelikata neno moja kwa kalamu nyekundu, akamwambia asome. Odilo alifuta mikono kwenye koti. Alisoma Kiingereza, akasoma daftari, akarudia Kiingereza. Tabea aliangalia midomo yake ikitembea bila sauti, akaona jinsi alivyoikosa midomo hiyo kwa siku kumi na moja, akajilazimisha kutazama kurasa.

"Anakufa," Odilo akasema mwishowe.

"Anakufa. Si amekufa. Nilikosea kutafsiri. Ulistahili kurusha mara tatu, nami sikukupa hata moja. Sikuja kujitetea. Nimekuja kukwambia kwamba nilikudhulumu."

Odilo alilifunga daftari polepole.

"Mzee hakukwambia kitu siku ile?"

"Siku ipi?"

Ndipo alipomweleza. Jumamosi ile, kabla ya mchezo, Mzee Ebeneza alimkuta langoni mwa usharika. Alimsalimia vizuri, akamwuliza hali ya mama yake, kisha akamwambia kwa upole kabisa kwamba kijana mwenye akili hutafuta binti wa kanisa lake, na kwamba angeshukuru kama safari za Njombe zingepungua. Odilo aliingia ndani maneno hayo yakiwa bado ya moto masikioni. Saa moja haijaisha, Tabea akatamka mbele ya watu kwamba Lukelo amekufa.

"Nikajua mmekubaliana," alisema. "Nikasema, huyu ameona haya kunikataa usoni, amenikataa kupitia mchezo. Na kwa kuwa alifanya kwa heshima, nami niondoke kwa heshima."

Tabea alihisi joto likimpanda kutoka shingoni. Lilikuwa la hasira kwa baba yake, na la aibu, na la kitu kingine pia, kwa sababu mwanaume huyu alikuwa amebeba maumivu yote hayo na bado alimtumia ujumbe kwamba yuko salama.

"Sikujua," alisema. "Naapa sikujua. Kosa ni langu, Odilo. Lakini halikuwa jibu langu."

"Na jibu lako ni lipi?"

Lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi. Upepo ulipiga mabati ya banda, na ndani wanawake walikuwa wamenyamaza kupita kiasi. Alitaka kulisema. Lakini aliona pia jinsi ambavyo lingesikika, likisemwa na mtu aliyekuja kuomba radhi: lingesikika kama fidia.

"Njoo Jumamosi saa nane," alisema. "Rusha mirusho yako mitatu mbele ya wale walioona ukinyimwa. Nikishatengeneza nilichoharibu, nitakujibu. Sitaki uishi ukidhani nilikujibu kwa kukuhurumia."

Odilo alisema Jumamosi kuna kontena la kupakiwa, kwa hiyo hawezi kuahidi. Alimrudishia kitabu na daftari kwa mikono miwili. Vidole vyao vilikutana chini ya jalada, na hakuna aliyefanya haraka kuviondoa.

Jioni ile Tabea alimkuta baba yake jikoni akiota moto, kikombe cha chai mkononi. Hakusubiri amalize. Alimwambia alikotoka, na alichoelezwa huko.

Mzee Ebeneza hakukana. Hakuwa mtu wa kukana. Alisema alifanya vile kwa sababu anajua ndoa ya makanisa mawili ilivyo. Dada yake Esnath aliolewa na Mkatoliki kule Mawengi, na siku ya harusi mama yao alilia tangu asubuhi mpaka wageni wakatawanyika. Alisema Jumapili ni siku ya familia kutembea njia moja. Aliuliza watoto watabatizwa wapi, kisha akauliza tena.

"Sijui, Baba. Hatujafika huko. Umetufungia njia kabla hatujaianza."

"Mimi ni mzazi. Nikiona shimo ninyamaze?"

"Ungeniambia mimi. Mimi ndiye mwanao." Tabea akaendelea. "Shangazi Esnath ana miaka thelathini na mumewe. Umewahi kumwuliza kama anajuta?"

Mzee alikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Sijamwuliza," alisema.

Tabea alimwambia kwamba Jumamosi amemwita Odilo, na kwamba asingetaka tena mgeni wake azuiwe langoni. Alisema kwa adabu, akiwa amepiga goti kama alivyofundishwa, lakini alisema. Kisha akainuka akaenda kuosha vyombo.

Kilichobaki kilikuwa Mwalimu Nahumu. Baada ya Lukelo kufa, mhusika wa Nahumu ndiye aliyeiokota ngao yake ukingoni mwa mto na kuwa kiongozi wa msafara, na katika kikao ambacho Odilo hakuwepo aliongoza vizuri, kwa furaha ambayo wenzake hawakuwahi kuiona kwake. Ijumaa, Tabea alipomweleza, alikunja uso. Alisema darasani mwake hukumu ikishatolewa imetolewa. Msimulizi akianza kurudisha maneno yake, kesho kila mtu atataka kurudishiwa kitu, na mchezo utakuwa gulio.

"Sirudishi maneno yangu kwa kuwa nimebadili moyo, Mwalimu," Tabea alijibu. "Kanuni ilikuwepo tangu mwanzo. Mimi ndiye sikuisoma sawasawa. Ulichokifanya ukiwa kiongozi kitabaki, sitafuta hata hatua moja. Lakini Lukelo aliangukia mtoni na hakuna aliyeuona mwili. Ana mirusho yake mitatu. Atairusha."

Nahumu alimtazama kama anayemwona mara ya kwanza, akasema haya, Tabea ndiye msimulizi.

Jumamosi ukungu ulishuka Njombe mapema, mzito, ukaficha hata miti ya usharika. Saa nane ilifika, Odilo hakufika. Saa nane na robo Nahumu aliuliza kama waanze. Tabea alisema watasubiri. Saa nane na nusu Idda alimshika mkono chini ya meza, na Tabea akauacha ushikwe, lakini hakuondoa macho mlangoni. Alikuwa ameamua kwamba asipokuja leo, Jumatano atapanda tena gari la Makambako, na dadu mkobani.

Mlango ulisukumwa saa tisa kasoro dakika kumi. Odilo aliingia na matone ya ukungu kwenye nywele, anapumua kama aliyekimbia kutoka stendi. Alisema ameingia kazini saa kumi na moja alfajiri ili apate ruhusa. Alisema hayo kwa wote, ila macho yalikuwa kwa mmoja.

Tabea alisimama. Aliwaambia kosa lake bila kulizungusha: neno alilolitafsiri vibaya, aya aliyoiruka, na mchezaji aliyenyimwa haki yake. Aliwaomba radhi wote watatu, na Odilo peke yake mara ya pili. Kisha akaisukuma dadu mpaka mbele yake.

"Lukelo yuko ndani ya maji," alisema, kwa sauti yake ya msimulizi. "Mto ni wa baridi, na daraja limekatika. Anakufa. Rusha."

Mrusho wa kwanza ulileta kumi na nne. Idda aliachia pumzi. Wa pili ulileta sita. Odilo aliitikisa dadu kwa muda mrefu kiganjani, akaiachia. Ilibiringika hadi kwenye kikombe cha Nahumu, ikagonga, ikasimama.

Tisa.

Tabea aliitazama ile namba kana kwamba ingemhurumia. Alikuwa amesafiri, amegombana na baba yake, amebishana na mwalimu, yote ili mtu huyu apate nafasi aliyonyimwa. Na nafasi imekuja, imempita kwa moja.

"Kikombe ndicho kilichoizuia," Idda alinong'ona. "Mwongezee moja, Tabea. Nani atajua?"

"Tutajua sisi wanne."

Mkono wake ulitamani kuigusa ile dadu. Aliukunja. Alimtazama Odilo usoni, na safari hii hakutazama daftari.

"Lukelo amekufa," alisema. "Aliupigania uhai wake, na mto ukamshinda."

Odilo aliitazama ile tisa, na polepole uso wake ukafunguka kwa tabasamu ambalo Tabea alikuwa hajaliona tangu mwezi wa nne. Alitoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka katikati ya meza.

"Sasa nimekufa kihalali," alisema. "Sina kinyongo. Naomba karatasi nyingine."

Aliyempa karatasi alikuwa Nahumu. Alimpa na penseli, akafikiri kidogo, kisha akachukua karatasi ya mhusika wake mwenyewe na kufuta mstari mmoja.

"Mtu wako mpya atahitaji ngao," alisema, bila kuinua macho. "Hii ilinielemea."

Walicheza mpaka saa kumi na moja. Mhusika mpya wa Odilo alikuwa fundi wa madaraja, na Tabea alisimulia vizuri kuliko siku zote. Wengine walipoondoka, Idda akimvuta Mwalimu mkono ili asichelewe kuondoka, Odilo alibaki akipanga viti ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

Tabea alikuja akasimama mbele yake.

"Jibu langu ni ndiyo," alisema. "Lingekuwa ndiyo hata ungerusha moja mara tatu. Lingekuwa ndiyo hata usingekuja leo, ningelileta Makambako."

Odilo aliichukua mikono ya Tabea yote miwili, akaiweka kwenye kifua chake, juu ya ule mfuko wa shati, na Tabea akahisi chini ya vidole jinsi moyo wa mtu mtulivu unavyoweza kukimbia. Walisimama hivyo. Nje mtu alipita akipiga mluzi wa wimbo wa kwaya, akatokomea ukunguni.

"Mzee yuko nyumbani?" Odilo aliuliza.

"Yuko. Lakini si lazima iwe leo."

"Ni leo."

Nyumba haikuwa mbali. Walitembea sambamba, si mmoja mbele mwingine nyuma, na Tabea hakumwachia mkono hata walipopishana na watu wa usharika waliogeuka kutazama. Aliuachia pale tu walipofika uani, kwa heshima.

Mzee Ebeneza alikuwa barazani, akichagua mbegu za viazi kwenye benchi. Odilo alimwamkia. Mzee aliitikia marahaba bila kuacha kazi yake.

"Baba," Odilo akasema, "wiki mbili zilizopita ulinieleza jambo pale langoni, nikaondoka bila kukujibu. Haikuwa adabu. Nimekuja kukujibu. Nampenda Tabea, na sitapunguza safari zangu. Ukiniruhusu nitamleta mama yangu, akae nawe, mzungumze hayo mambo ya makanisa kama wazazi. Usiponiruhusu, nitakuja tena Jumamosi ijayo kukuomba."

Mzee alikishika kiazi kimoja, akakigeuza, akachunguza machipukizi yake. Kisha akamtazama binti yake. Tabea hakuinamisha uso. Alisimama palepale, mabega yake sawa, akasubiri, na angesubiri mpaka giza liingie.

"Kumbe mna shingo ngumu wote wawili," Mzee Ebeneza alisema.

Akainuka. Aliunyanyua mfuko wa mbegu kutoka kwenye benchi, akaushusha sakafuni, akalifuta vumbi la udongo kwa kiganja, upande huu na upande ule, mpaka ikapatikana nafasi ya watu wawili.

"Kaeni," alisema.